Glaida kwenye kompyuta: pedali kwanza, kadi ya picha baadaye

Swali la msomaji wa Moshi: "Mwezi wa tisa nakwenda kusoma Fulda, Ujerumani, na nimeambiwa karibu na hapo, Wasserkuppe, wanafundisha kurusha glaida, ndege isiyo na injini. Kwa sasa nina kompyuta ya kawaida, skrini ya inchi 27, jostiki ya kusokota, na simulata mbili (programu za kurushia ndege), Condor 2 na Microsoft Flight Simulator. Nikigeuka, ndege inateleza ubavu. Nikipata hewa inayopanda, nazunguka mara moja tu halafu naipoteza. Nikivutwa na ndege ya injini nayumba mpaka kamba inakatika. Ninunue nini ili iwe kama kweli, kadi mpya ya picha au miwani ya VR? Na je, saa ninazoruka hapa zitanifaa nikifika?"

Jibu

Nianze na la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine. Kwa kanuni za Ulaya, leseni ya glaida inadai angalau saa 15 za mafunzo ya kuruka. Ndani yake kuna saa 10 na mwalimu, saa 2 peke yako chini ya usimamizi, na kuondoka na kutua mara 45, pamoja na safari ya masafa. Hakuna hata dakika moja ya kompyuta ya nyumbani inayoingia kwenye hesabu hiyo. Lakini mwanafunzi aliyezoea simulata vizuri hufika akijua kwa nini kasi ni akiba, mzunguko wa kutua unapangwaje na variometa, yaani saa inayoonyesha kasi ya kupanda au kushuka, inasema nini. Aliyezoea vibaya hufika na tabia ambazo mwalimu atazing'oa kwa wiki kadhaa: macho kwenye saa za vipimo zilizo mbele, miguu imelala, mkono umeikaba fimbo. Kwa hiyo uhalisia unaoutafuta haumo kwenye uzuri wa picha. Umo kwenye kile ambacho simulata inakulazimisha kufanya kwa macho na miguu.

Kadi ya picha iache. Fremu 40 kwa sekunde zisizoyumba ni bora kuliko 90 zinazokwama kila unapogeuza kichwa. Punguza vivuli na mawingu hadi mwendo utulie, inatosha. Pesa uliyonayo nunulia pedali.

Sababu ni hii. Glaida ina mabawa marefu. ASK 21, ambayo huenda ukafundishwa nayo, ina mita 17 kutoka ncha hadi ncha. Ukiisukuma fimbo kushoto, eleroni ya kulia (kibao kinachosogea nyuma ya bawa) inashuka, bawa la kulia linainuka, na kwa kuinuka huko linaburuta hewa zaidi na kubaki nyuma. Matokeo yake pua inakwenda kulia wakati wewe unataka kwenda kushoto. Ndege fupi ya injini huificha tabia hii. Glaida haifichi kitu. Dawa ni mguu wa kushoto uende pamoja na fimbo, kwa wakati uleule, kisha vyote viwili virudi katikati mlalo, yaani ndege kuinamia upande, ukishapatikana. Kuteleza kwako kote kunatoka hapa.

Jostiki ya kusokota inafanya jambo hilo kuwa gumu kuliko lilivyo angani. Kiganja kikilala kushoto husokota kidogo bila wewe kutaka, na kila pindi unapojaribu kusokota kwa makusudi fimbo nayo inahama. Mkono mmoja unafanya kazi ya viungo vitatu.

Pedali za dukani ni ghali ukizipima kwa mfuko wa mwanafunzi, lakini fundi seremala anaweza kukutengenezea baa ya miguu kwa siku moja. Unahitaji ubao wa sentimita 40 uliotobolewa katikati na kupita bolti, ukizunguka juu ya ubao mwingine mpana unaokaa sakafuni. Mguu wa kushoto ukienda mbele, pua inakwenda kushoto; ni kinyume cha usukani wa baiskeli, na siku mbili za kwanza utachanganyikiwa. Kurudisha baa katikati, funga vipande viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli, kimoja kila upande, vyenye urefu sawa. Kwa umeme, bodi ndogo ya Arduino Pro Micro yenye chipu ya ATmega32U4 hutambuliwa na kompyuta kama jostiki ukiiwekea maktaba ya jostiki. Mzunguko wa baa unapimwa na potenshiometa ya kilo-omu 10 ya mstari nyoofu: pini zake mbili za pembeni kwenye volti 5 na ardhi, ya katikati kwenye pini A0 ya bodi.

Kosa linalowapata wengi hapo ni moja. Potenshiometa huzunguka karibu nyuzi 300, lakini baa yako inakwenda nyuzi 20 tu kila upande, jumla 40. Kati ya hatua 1,024 za bodi unatumia kama 136, na kila mtetemo wa waya unaonekana kwenye pua ya ndege. Ama ongeza mwendo kwa gia au mkono mfupi, ama tumia kipima-sumaku cha AS5600 chenye hatua 4,096 kwa mzunguko mzima. Hapo nyuzi 40 zinakupa hatua 455, na hakuna kinachosuguana wala kuchakaa. Ukimaliza, zima mhimili wa kusokota kwenye simulata, la sivyo vitagombana.

Sasa jostiki yenyewe. Eneo la katikati lisiloitika liweke sifuri kama jostiki yako ni ya sumaku, asilimia 2 au 3 kama ni ya zamani na inatetemeka. Wengi huweka 10 "ili itulie", halafu wanashangaa mbona hawawezi kufuata kamba: mkono unasogea, hakuna kinachotokea, unasogea zaidi, ghafla ndege inaruka. Mstari wa mwitikio uache nyoofu au ulegeze kidogo sana katikati. Jostiki ikae katikati ya mapaja, si pembeni ya kibodi. Kipande cha ubao kilichobanwa chini ya kiti kinafaa. Zima kila msaada wa kuratibu usukani wa mkia, maana simulata nyingi huja nao umewashwa, na ukiwa umewashwa miguu yako inacheza bure.

Kitelezi cha jostiki kifanye mkono wa breki za hewa, vibao vinavyoinuka kwenye mabawa ili ndege ishuke haraka. Kwenye glaida mkono huo ni wa buluu, uko kushoto, na unavutwa nyuma kufungua breki; kwa hiyo geuza mhimili ili nyuma iwe wazi na mbele iwe zimefungwa. Kabla ya kila kuondoka angalia mabawa kuthibitisha. Kuondoka na breki zisizofungwa ni ajali ya kweli kabisa viwanjani, si mzaha wa kompyuta. Na weka vipimo vyote vya kimetriki: Ujerumani glaida husoma kilomita kwa saa, mita, na mita kwa sekunde. Ukizoea futi na noti (maili za baharini kwa saa) utaanza upya.

Kabla ya kuiamini simulata, ipime. ASK 21 kwa ubora wake husonga mita 34 kwa kila mita moja inayoshuka, ikiwa na kasi ya kilomita 90 kwa saa. Kasi hiyo ni mita 25 kwa sekunde. Gawanya kwa 34, unapata kushuka mita 0.735 kwa sekunde, yaani kama mita 44 kwa dakika. Chagua siku isiyo na upepo wala joto, shika kasi hiyo dakika tatu, soma mwinuko mwanzo na mwisho. Fanya hesabu hiyohiyo kwa ndege uliyonayo. Kwa mfano LS8-18 iliyokuja na Microsoft Flight Simulator mwaka 2022, ukitumia uwiano na kasi vilivyoandikwa kwenye kitabu chake. Usipime juu sana: hewa ikiwa nyepesi ndege inakwenda kasi kuliko saa inavyosema, na namba za kushuka nazo zinapanda.

Jaribio la pili: ukiwa na kilomita 90, sukuma fimbo yote upande mmoja na miguu usiiguse. Pua isipokwenda kwanza upande usiotarajiwa, kuna msaada umebaki umewashwa mahali. La tatu: punguza kasi polepole hadi mabawa yaishiwe na nguvu ya kubeba. ASK 21 ni mpole mno. Hutikisika na kushuka ikiwa imenyooka, hata shule zinazotaka kufundisha kuzunguka-ukianguka huifunga vizito mkiani ili ikubali. Simulata inayoigeuza mpole huyo kuwa nyati kwa kila kosa dogo imekosea. Isiyoiangusha ndege yoyote nayo imekosea.

Kuhusu skrini. Inchi 27 ni upana wa karibu sentimita 60. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwayo, jicho lako linaona nyuzi 53 tu za dunia kupitia dirisha hilo. Simulata ikipanua hadi 80 au 90, kila kitu kinasinyaa na kuonekana mbali. Uwanja unaonekana mdogo, na kwenye kutua unakadiria urefu vibaya. Punguza hadi karibu 55. Utalalamika kwamba huoni pembeni, na ni kweli, ndiyo maana kitu cha pili cha kupata baada ya pedali ni kufuatilia kichwa. Programu ya opentrack ni ya bure na inafanya kazi na kamera ya kawaida ya kompyuta. Miwani ya VR ni bora kuliko vyote kwa glaida, kwa sababu angani unaangalia juu na ndani ya mzunguko muda wote, na macho mawili yanakupa kina cha ardhi. Lakini inadai kompyuta ambayo wewe huna, na wengine inawatia kichefuchefu wakizunguka kwa nyuzi 45. Isubiri.

Tuje kwenye mkondo wa hewa moto unaoupoteza. Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo kompyuta inapotofautiana na kweli kuliko mahali pengine popote.

Angani, mkondo unaujua kwa makalio kabla ya saa yoyote. Kiti kinakusukuma, bawa moja linanyanyuliwa, na wewe unageukia upande wa bawa lililonyanyuliwa. Kwenye kiti cha nyumbani hakuna msukumo. Imebaki variometa, nayo ya mshale huchelewa sekunde mbili au tatu. Piga hesabu: kwa kilomita 90 umeshakwenda mita 50 hadi 75. Ukizunguka kwa mlalo wa nyuzi 45, nusu-kipenyo cha duara lako ni mita 64. Yaani mshale unapokwambia "hapa pazuri", hapo pazuri pako nyuma yako kwa umbali sawa na nusu-kipenyo cha duara lote. Anayegeuka pale pale mshale unaposimama anazunguka pasipo na kitu, na ndicho kinachokupata.

Fanya hivi. Ukisikia sauti ya variometa inapanda, hesabu sekunde mbili, tatu, kisha laza ndege kwa nyuzi 40 hadi 45, si 30. Nambari zinaeleza sababu: kwa nyuzi 30 duara lina nusu-kipenyo cha mita 110 na linachukua sekunde 28; kwa 45 ni mita 64 na sekunde 16. Mikondo mingi ya chini ni myembamba, na kwa 30 unazunguka nje yake. Ila ukilaza, ndege inabeba uzito mara 1.41, na kasi ambayo chini yake mabawa hayabebi tena inapanda kwa asilimia 19. Kama ilikuwa 65, sasa ni 77, kwa hiyo usishuke chini ya 85 au 90.

Shika mlalo na kasi bila kubadili kwa mzunguko mzima. Angalia upeo wa macho, si variometa. Sikiliza sauti tu. Chagua alama: mlima, ziwa, jua. Tambua mshale ulifika kilele ukielekea wapi. Kanuni ya zamani ni kunyoosha ndege nyuzi 270 baada ya kilele cha kweli, kwa sababu hapo ndipo pua inapoelekea upande ambao kiini cha mkondo kiko. Lakini mshale wako umechelewa sekunde mbili na nusu, ambazo kwenye duara la sekunde 16 ni nyuzi 56. Kwa hiyo nyoosha nyuzi 215 hivi baada ya kilele cha mshale, yaani baada ya sekunde tisa au kumi. Nyoosha kwa sekunde mbili tu, ambazo ni mita 50, halafu laza tena. Mizunguko miwili au mitatu ya kurekebisha hivyo, na kushuka na kupanda kwa sauti kutakuwa kumesawazika. Ukiwa na variometa ya umeme yenye kasi, ucheleweshaji unapungua na unarudi karibu na 270.

Kosa lingine hapo hapo: kiuzi cha mbele kwenye kioo, kinachoonyesha kama ndege inateleza ubavu. Ncha yake iliyo huru ikilala kulia, kanyaga kushoto. Mguu ni kinyume cha ncha. Ukizunguka huku kiuzi kimelala, unaburuta ubavu mzima wa ndege hewani, na mkondo wa mita moja na nusu kwa sekunde unakuwa mita moja. Hapo ndipo pedali zinarudisha gharama yake.

Kwenye Condor, ukurasa wa uhalisia unakuruhusu kuondoa viashiria vya mikondo, majina ya ndege na mtazamo wa nje. Viondoe vyote. Wiki ya kwanza utatua mashambani kila siku, na hilo si hasara, maana kutua shambani nako kunahitaji kujifunza. Condor ndiyo bora kwa hewa yenyewe na kwa mashindano; Microsoft ndiyo bora kwa ardhi, na inakuruhusu kuruka juu ya Moshi yenyewe, upepo ukipanda miteremko ya Kilimanjaro. Kwa mwanafunzi, nitachagua Condor siku tano na Microsoft siku mbili.

Kuvutwa na ndege ya injini. Usishangae kama ni kugumu kuliko angani. Wengi waliofanya yote mawili wanasema hivyo, kwa kuwa skrini bapa haina kina na fimbo haina uzito. Unayumba kwa sababu unaifukuza ndege ya mbele. Iweke kwenye upeo wa macho, na mabawa yako yawe sambamba na yake. Ikilala, lala vilevile, usisubiri uone imekwenda pembeni. Ukitoka pembeni, usirudi kwa haraka. Laza kidogo sana kuelekea kati, na ondoa mlalo kabla hujafika. Mkono uwe na vidole vitatu tu kwenye fimbo, kiganja kisiikumbatie. Fanya kwanza kwenye hewa tulivu kabisa, ukiacha mita 300 za mwanzo kabla ya kuongeza upepo.

Lakini Ujerumani mara nyingi utarushwa kwa winchi, mashine ya ardhini inayokuvuta kwa kamba, na huko simulata inakuachia pengo. Winchi inakutoa kwenye kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde chache, na kichwa kinabanwa nyuma. Hakuna kompyuta itakayokupa hilo. Kinachofundishika ni kamba kukatika. Ukiwa umeinua pua kwa nyuzi 45 na kamba ikaachia, kasi inayeyuka mara moja. Sukuma fimbo mbele hadi upeo wa macho ukae mahali unapokaa wakati wa kutua, halafu subiri. Pua ikiwa chini haina maana kasi imerudi. Usiguse breki wala usigeuke kabla saa haijasoma kilomita 90 na zaidi. Ndipo uamue: kuna uwanja mbele? Tua mbele. Hakuna? Mzunguko mfupi. Mwambie mdogo wako akae pembeni na abonyeze kitufe cha kuachia kamba wakati anaotaka yeye, mita 50, 120, 250, bila kukwambia. Mara 30 za zoezi hilo zina thamani kuliko jioni nzima ya kuzunguka juu ya Slovenia, mandhari inayokuja na Condor.

Kutua: njoo na breki nusu, ili uwe na nafasi ya kuongeza na kupunguza. Kasi 90 hadi 100 kwa ASK 21, na upepo mkali ongeza. Chagua sehemu moja ardhini. Ikipanda kwenye kioo, utafika mfupi, funga breki kidogo. Ikishuka, utapitiliza, fungua. Chini kabisa macho yaende mwisho wa uwanja, si mbele ya pua. Picha ya ardhi kwenye Condor ukiwa chini ya mita 20 ni kama rangi iliyopakwa kwa kidole, kwa hiyo kutua huku hakutakufundisha kukadiria mita tatu za mwisho. Hiyo mwachie mwalimu.

Na mwishowe chukua karatasi, funika nusu ya skrini yenye saa zote, acha kiuzi na upeo wa macho tu, washa sauti ya variometa. Ruka nusu saa hivyo. Kasi isome kwa pua ilipo na kwa sauti ya upepo. Ukiweza kushika kati ya 85 na 95 bila kuinua karatasi, endelea kwa nyuzi 45. Usipoweza, rudi kwenye kuruka moja kwa moja kwa siku mbili nyingine.